Nyasi Tulizokataza Kukatwa

Vijana wangu wa ofisi ya maliasili, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kanga mbili za mke wangu, na hotuba iliyosema mimi ni maktaba inayotembea. Saa inakwenda vizuri. Kanga zimevaliwa. Kuhusu maktaba nawashukuru, ila maktaba huwa na vitabu vilivyosahihishwa, na mimi nimejaa makosa ambayo hakuna mhariri aliyewahi kuyapitia. Nimeona niandike machache kabla sijaanza kuyasahau, au, vibaya zaidi, kabla sijaanza kuyakumbuka kwa namna inayonipendeza mwenyewe.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo viko kwenye faili. Mishahara mnaijua, ndiyo maana kila mmoja wenu ana shamba la kahawa.

Mimi ni Mmatengo wa Mpepai. Maji ya kina kirefu kuliko yote niliyowahi kuingia utotoni yalinifika magotini, tena nilisukumwa. Nilisomea misitu chuoni, nikaandikiwa barua ya kuripoti Mbinga mjini, nikafika na sanduku la bati na viatu vya kukopa. Mkuu wa kitengo wa wakati huo alinitazama, akatazama ramani ukutani, ambayo upande wake wa magharibi ulikuwa wa buluu tupu ya Ziwa Nyasa, akasema, "Kuna kisiwa pale mbele ya Mbaha. Kina miti. Wewe ni wa miti. Nenda." Hiyo ndiyo iliyokuwa semina yangu elekezi.

Boti ya ofisi wakati huo iliendeshwa na Mzee Osmundi, Mnyasa mfupi mwenye shingo nene, aliyekuwa amezeeka katika kazi bila kupandishwa hata mara moja na bila kuonekana kujali. Alinikuta ufukweni Mbamba Bay nimekumbatia begi langu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiwe Bwana Miti mpya? Unajua kuogelea?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri. Wanaojua kuogelea hubishana na ziwa. Kaa katikati, usishike ukingo, usisimame, na usiniulize tutafika lini."

Kulikuwa na jaketi moja la kujiokolea. Alilivaa yeye. Nilipomtazama kwa macho ya kuomba alinieleza kwa upole kwamba mimi nikizama ofisi itaandika barua nyingine, lakini yeye akizama hakuna mwingine anayejua jinsi ya kuiwasha ile mashine. Mwera, ule upepo wetu wa kusini, ulikuwa umeanza. Nilitapika juu ya fomu zote za takwimu nilizopewa, na nakiri kwamba katika miaka yangu yote kazini fomu zile hazijawahi kujazwa kwa ukweli zaidi ya siku ile.

Kisiwa chenyewe hakikuwa na jina la maana. Kwenye karatasi zetu kilikuwa na namba. Watu wa kijiji kilicho mkabala wanakiita Chilumba, yaani kisiwa, basi, kama mtu anavyomwita mama yake "mama" na si jina la ubatizo. Unaweza kukizunguka kwa miguu ukamaliza kabla jua halijafika utosini. Pembeni ni mawe makubwa yanayoshuka mpaka ndani ya maji, katikati kuna mikuyu, na mgongoni, siku zile, nyasi ndefu za kumfika mtu kifuani. Hakuna aliyeishi pale, na hakuna aliyeishi ng'ambo bila pale. Nyasi ziliezeka nyumba. Mizizi fulani ilitibu matumbo ya watoto. Mwera ukichacha, mitumbwi ilijificha nyuma yake. Na kwenye yale mawe ya majini walizaliana vituwi, samaki wadogo wa buluu na njano ambao majike wao huwabeba watoto mdomoni mpaka wakue. Yote haya niliyajua baadaye. Siku ya kwanza nilijua kwamba nimefika nchi kavu.

Nikawakuta wanawake kama kumi na tano wakikata nyasi kwa mundu. Nikavaa sauti ya chuo.

"Mna kibali?"

Mwanamke mmoja mrefu akanyoosha mgongo. Huyo ndiye Mama Hildegarda, aliyeongoza wakataji wa kijiji, kama mama yake alivyowaongoza kabla yake. Akaniuliza, "Kibali cha nani, baba?"

"Cha ofisi."

"Ofisi ndiyo iliyoziotesha?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mzee Osmundi naye alicheka, jambo lililoniuma zaidi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na funguo za kunirudisha. Jioni yake niliandika katika ripoti: "Wavunaji wana uelewa mdogo." Niliandika sentensi hiyo mara nyingi katika miaka iliyofuata, mahali pengi, kuhusu watu wengi. Ni sentensi nzuri. Haihitaji ushahidi, na hakuna mkubwa aliyewahi kuirudisha isahihishwe.

Miaka ikapita na nikajifunza kazi, au tuseme kazi ikanizoea. Vifaa vyangu vilikuwa panga, futi kamba, daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki, na baadaye kile kidude cha kuonyesha mahali ulipo duniani, ambacho mara moja kilinionyesha nipo katikati ya Msumbiji huku nikinywa chai nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini kifaa cha hatari kuliko vyote nilivyowahi kukabidhiwa ni muhuri. Panga likiteleza linamkata mtu mmoja. Nitafika huko.

Kila kiangazi nilivuka kwenda Chilumba kukagua, na kila kiangazi Mama Hildegarda alinikagua mimi. Aligundua kwamba niliogopa maji, akanihurumia kama anavyohurumiwa mtu mwenye ugonjwa wa siri. Alinionyesha walivyokata. Hawakukata hovyo. Walingoja mbegu zidondoke, kisha wakakata kwa mapande, wakaacha pande, wakakata pande, mpaka mgongo wa kisiwa ukafanana na pundamilia. Mwaka uliofuata walikata yale yaliyoachwa. Kwenye miteremko inayotazama maji hawakukata kabisa.

"Kwa nini miteremko mnaiacha?" nilimuuliza.

"Ili udongo usishuke kwa samaki."

"Na mapande?"

"Ili ndege wapate pa kulala. Na moto ukija, ukute njaa."

Nilisikia. Sikuandika. Sehemu ya "Maoni ya wananchi" katika fomu ilikuwa na mistari miwili tu.

Wilaya yetu ilipogawanywa, wenzangu wengi walibaki juu Mbinga kwenye ubaridi na kahawa. Mimi, kwa sababu jalada langu lilikuwa na neno "kisiwa", niligawiwa maji. Mzee Osmundi alikuwa amekwisha kustaafu. Aliniachia lile jaketi. Na ndipo ukaja mradi.

Mliokuja juzi hamwezi kuamini jinsi mradi ulivyokuwa na magari. Uliletwa na mtaalamu kijana, mwenye buti nzito na suruali yenye mifuko mpaka magotini, mpole wa tabia, aliyekuwa akisema "kimsingi" kabla ya kila jambo lisilo la msingi. Tuliitwa kwenye warsha ukumbini Mbinga mjini, siku tatu, tukazungumzia kisiwa kutoka mahali ambapo hata ziwa halionekani. Wanakijiji sita waliletwa, Mama Hildegarda akiwamo, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Mtaalamu akabandika karatasi kubwa ukutani, akachora safu nne. Alieleza kwamba kisiwa kinatoa huduma. Kuna huduma za kutupatia vitu, huduma za kurekebisha hali, huduma za kiutamaduni, na huduma za kutegemeza hizo nyingine. Kazi yetu ni kuzisimamia.

Mama Hildegarda akanyoosha mkono. "Mwanangu, samahani. Hiyo huduma, kisiwa kinamhudumia nani?"

"Kimsingi, mama, kinawahudumia ninyi. Ninyi ni wanufaika."

"Aa." Akafikiri. "Mimi nilidhani sisi ndio tunaokihudumia."

Watu wakacheka, mtaalamu naye akacheka, akaandika kitu. Kisha mama akaeleza habari ya mapande, ya mbegu, ya miteremko na ya moto, polepole, ili aandike vizuri. Ilimchukua kama robo saa. Nimeusoma muhtasari wa warsha ile mara nyingi kuliko Biblia, Mungu anisamehe. Maelezo yake yote yamo katika mstari mmoja: "Wananchi waliomba kuendelea kuvuna nyasi. Ombi lilijibiwa."

Jibu lilikuwa hapana. Katika mpango ulioandikwa, uvunaji wa nyasi uliwekwa kwenye jedwali la "vitisho". Kisiwa kilihitaji kupumzika. Picha ya mwanamke mwenye mundu iliwekwa kwenye jalada la mpango, kwa nyuma, kama mfano wa uharibifu. Aliyepigwa picha ni mpwa wa Mama Hildegarda, na aliombwa atabasamu. Mpango ukaletwa mezani kwangu. Mimi, mtoto wa ngoro, kilimo chetu cha mashimo mteremkoni, niliyelelewa kwenye mashamba ambayo hayaanzi mpaka nyasi zikatwe, zilazwe kwa mistari na kufukiwa. Mimi niliyemwona mama yangu akifanya hivyo kila mwaka na mteremko wetu haukuwahi kuteremka. Mimi niliyeambiwa pale pale kisiwani sababu zote kwa lugha isiyohitaji safu nne. Nilisoma mpango wote. Nikaona una makosa. Nikapuliza muhuri wangu ili wino ukolee, nikagonga.

Kwa nini? Mmekuwa mkiniuliza maswali magumu wakati wa chai, basi hili hapa jibu jepesi. Nilikuwa nimechoka kuwa Bwana Miti wa mistari miwili. Mpango ule ulikuwa na kurasa za rangi na jina langu lilikuwa ukurasa wa tatu.

Bango lilisimikwa kisiwani. Mwaka wa kwanza nyasi zilipendeza. Mtaalamu alipiga picha amezama mpaka kiunoni. Mwaka wa pili zilikuwa zimelala juu ya za mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu ukikanyaga ulisikia mlio kama wa karatasi kavu, na ulizama mguu kabla hujaigusa ardhi. Wanawake walianza kununua nyasi kutoka vijiji vya mbali, na waliokosa waliacha mapaa yavuje. Kila nilipopita kijijini Mama Hildegarda alinipa mkono, akaniuliza hali ya familia, akaenda zake. Nilitamani anitukane.

Moto ulitokea mchana mmoja mwishoni mwa kiangazi. Nilikuwa ofisi ya kijiji. Kwanza tuliona moshi mwembamba, kisha mweupe, kisha mgongo wote wa kisiwa ukawa mwekundu kwa muda ambao mtu humaliza kikombe cha chai. Mwera uliusukuma kutoka ncha moja hadi nyingine bila kukutana na kitu cha kuusimamisha. Mikuyu iliwaka kama mishumaa. Ndege walizunguka juu wakilia, na baadhi yao walirudi chini kwenye viota. Kijiji kizima kilitoka ufukweni kutazama. Hata watoto.

Aliyetolewa kisiwani alikuwa Otmari, mvuvi wa makamo, mtu wa maneno machache, ambaye tulijuana kwa kupungiana mikono miaka yote. Mgambo walimkuta mikono imeungua mpaka viwiko. Alikuwa amepika ugali juu ya jiwe tupu la ufukweni, lile ambalo kila mvuvi hupikia, upepo ukadaka cheche. Mtumbwi wake ulikuwa hatua kumi kutoka pale alipokuwa. Badala ya kupanda akaondoka zake, alikata tawi akaenda kupigana na moto peke yake. Mgambo walisema hiyo ndiyo dalili kwamba ana hatia.

Kesho yake mkuu wangu wa kitengo, aliyekuwa na wageni wa mradi njiani, aliniita.

"Moto lazima uwe na mwenyewe," alisema. "Andika."

Nikaandika. Sikuandika uongo. Niliandika kwamba mtuhumiwa alionekana eneo la tukio, kwamba alikiri kuwasha moto, kwamba eneo hilo limehifadhiwa. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Jifunzeni hilo mapema, maana hakuna kozi inayolifundisha: ripoti inaweza kumfunga mtu bila kuwa na kosa hata la tahajia. Otmari akapelekwa mahabusu na bandeji zake.

Siku ya nne Mama Hildegarda aliingia ofisini kwangu. Hakuwahi kuja kabla. Alikuwa amepanda gari la mizigo lililobeba mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kumwona mtu aliyechoma kisiwa."

"Yuko mahabusu, mama. Huku si—"

"Wa mahabusu nimetoka kumwona, nimempelekea uji. Huyu mwingine ndiye sijamwona." Akavuta kiti, akakaa, akanitazama. Sura yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sura ya mtu anayetazama nguo iliyoungua kwa pasi, akijiuliza kama kuna kipande cha kuokoa. "Sasa nimemwona. Ahsante. Mke hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Msalimie."

Akaondoka. Nilikaa pale hadi watu wa usafi wakaja kuniuliza kama naumwa.

Kesi ilisikilizwa mahakama ya mwanzo, mbele ya hakimu mwanamke aliyening'iniza miwani kifuani kwa mnyororo. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi mkuu wa mashtaka. Mkuu wangu alikuwa amekaa benchi la mbele. Otmari alisimama kizimbani mikono ameiweka mbele kama mtu aliyebeba trei. Nilisoma maelezo yangu. Yalikuwa mazuri. Hakimu akavaa miwani.

"Shahidi, hilo jiwe alilopikia, watu wamekuwa wakipikia tangu lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa, Mheshimiwa."

"Kisiwa kiliwahi kuungua?"

"Vipande vipande, Mheshimiwa. Chote, hapana."

"Mwaka huu kuna nini kipya? Moto umekuwa mkali zaidi ya mioto ya zamani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukame. Mkuu wangu alikuwa akiniambia "ukame" kwa midomo bila sauti. Nikamtazama Otmari. Hakuwa akinitazama, alikuwa akipuliza vidole vyake polepole, maana nzi walikuwa wanatua kwenye bandeji.

"Nyasi, Mheshimiwa," nikasema. "Zilikuwa zinakatwa kila mwaka kwa mapande, na moto ukija ulikuwa unaishia kwenye pande lililokatwa. Miaka mitatu hazijakatwa."

"Kwa nini?"

"Zilikatazwa."

"Na nani?"

"Na ofisi yetu."

"Ofisi haina mkono, shahidi. Nani alitia mkono?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Ulijua kazi ya hayo mapande?"

"Niliambiwa. Na huyo mama aliyekaa pale nyuma."

Chumba kikavuma. Hakimu akavua miwani, akamgeukia mwendesha mashtaka. "Huyu mmeniletea shahidi au mshtakiwa?"

Otmari aliachiwa alasiri ile ile. Alipita mbele yangu uani, akasimama kidogo. Nilingoja aseme chochote. Alitema mate pembeni, kwa adabu, mbali na kiatu changu, akaenda zake. Mama Hildegarda alimfuata akiwa amembebea kofia.

Nilisema sitazungumzia vyeo, na hiki hakikuwa cheo bali kinyume chake. Kabla wiki haijaisha nilihamishiwa upande wa Liparamba, kwenye mazao yanayoliwa na tembo, ili nikae mbali na maji na wageni. Kazi yangu ilikuwa kupima mashamba yaliyokanyagwa na kusikiliza wakulima wakinitukana kwa niaba ya tembo. Niliifurahia kiasi cha kutia aibu. Tembo hawana mpango wenye jalada.

Lakini nilikuwa bado kule mvua zilipoanza, na habari zilinifika. Mgongo wa Chilumba ulikuwa jivu na udongo mtupu. Mvua tatu za kwanza ziliushusha wote majini. Maji yanayozunguka kisiwa yakawa rangi ya chai ya maziwa, na tope likalala juu ya mawe yale ya vituwi, unene wa kiganja. Samaki wakatoweka. Wavuvi waliokuwa wakirudi na samaki wa kula na wa kuuza wakawa wanarudi na samaki wa kula, kisha wa kuonja. Mradi ulikuwa umekwisha muda wake. Ripoti yake ya mwisho ilisema malengo yamefikiwa kwa kiasi cha kuridhisha.

Nilirudishwa ziwani baada ya miaka miwili, kwa kuwa mwingine aliyepelekwa aliomba uhamisho baada ya safari moja ya boti. Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwenye mkutano wa kijiji nikaomba nafasi ya kusema. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi yenye ukurasa mzima. Nilifika mstari wa nne, mwenyekiti akanigusa bega.

"Bwana Miti, tumeshasikia mahakamani. Umekuja na nini?"

Sikuwa na gari, sikuwa na fungu, sikuwa na mtaalamu. Nikasema nimekuja na mikono. Sauti ya kike kutoka nyuma ikasema mikono tumeiona, ni laini, lakini tutaanza nayo.

Basi tukaanza. Mpango wa pili uliandikwa na wanakijiji wenyewe, na ulienea kwenye nusu karatasi. Nani anakata, anakata wapi, lini, na anayekata mteremkoni atakuwa na shauri na Mama Hildegarda. Halmashauri ya kijiji ikaupitisha kuwa sheria ndogo. Tulipanga mawe kwenye miteremko kuzuia udongo, tukapanda matawi ya mkuyu yaliyochipua kwa urahisi kuliko miche yote ya kitalu changu. Nyasi ziliporudi tukakata. Nasema tukakata kwa sababu nililazimishwa. Mama Hildegarda, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alikaa juu ya jiwe akaniamrisha kama mwalimu wa gwaride. "Shika chini zaidi. Vuta, usichane. Hapo umeacha ndevu." Malengelenge yalipopasuka sikupewa pole. Nilipewa pande jingine.

Otmari alikuwapo siku zote hizo. Alibeba mawe kwa mikono iliyokuwa imekakamaa. Vidole viwili vya kushoto havikukunja tena, na wavu aliuvuta kwa kuuzungusha kwenye kiwiko. Hakunisemesha. Nikimpa jiwe alilipokea. Nikimsalimu aliitikia, kwa sababu amelelewa vizuri. Zaidi ya hapo, misimu mitano, hakuna neno. Nilimzoea hivyo, kama unavyozoea jino linalouma.

Mama Hildegarda alifariki msimu wa nne. Tulimzika kwenye mvua, na wanawake walioleta nyasi za kufunika mtumbwi uliombeba mpaka makaburini walizitoa kwenye pande lake mwenyewe. Mtu wa ofisi ya mkoa alinipigia simu wiki ile akitaka majina ya "wanufaika waliopoteza maisha" kwa ajili ya jedwali. Nilikata simu. Ni mara pekee nilipomkatia simu mkubwa, na sijutii, ila ninyi msijaribu kabla ya kufikisha umri wa kustaafu.

Miezi michache kabla ya kuwaachia ofisi nilikuwa ufukweni nikisubiri boti, ambayo kama kawaida ilikuwa inatengenezwa. Otmari alikuwa akishusha mtumbwi wake wa gogo. Akasimama, akanitazama, akaonyesha kwa kidevu sehemu ya katikati ya mtumbwi. Nilimwambia boti yangu haijawa tayari. Akaonyesha tena.

Mtumbwi wa gogo ni mwembamba kuliko dhamira ya mtu mwoga. Nilikaa katikati, sikushika ukingo, sikuuliza tutafika lini. Ziwa lilikuwa limetulia. Alipiga kasia mpaka Chilumba, akakizunguka, akapenya kati ya mawe mawili mahali ambapo katika miaka yangu yote ya ukaguzi sikuwahi kufika. Akasimamisha mtumbwi.

"Tazama chini," alisema.

Ukiacha kuitikia salamu, lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya moto. Niliinama. Maji yalikuwa meupe mpaka chini, na jiwe lilikuwa safi, na juu ya jiwe kulikuwa na samaki wa buluu, kisha wa njano, kisha wengi kiasi kwamba nilishindwa kuona wapi jiwe linaishia. Jike mmoja, taya limevimba, alisimama karibu kabisa na kivuli chetu. Akafungua mdomo, na watoto wake wakatoka kama moshi mdogo, wakacheza kidogo, na mtumbwi ulipotikisika wakakimbilia wote ndani ya mdomo wake.

Bila kufikiri, kwa mazoea tu, mkono wangu ulikuwa umeshaingia begini ukatoa daftari na kalamu. Otmari aliweka kiganja chake chenye makovu juu ya ukurasa.

"Bwana Miti," alisema, "hawa usiwaandike."

Nikarudisha kalamu. Ripoti ya robo mwaka ile ilisema hali ya samaki kuzunguka kisiwa haijabadilika tangu tope lishuke, na hakuna aliyeirudisha.